Kwa Nini Klorokwini Iliacha Kutibu: Utangulizi wa Somo la Mageuko

Ikiwa ulisoma sekondari hapa Tanzania, somo hili si geni kwako; ulipitishwa humo mara mbili. Kwa miaka mingi Historia ya Kidato cha Kwanza imekuwa na mada ya chimbuko la binadamu, na vitabu vya kiada vimeweka humo maelezo mawili yakikaa bega kwa bega: kwamba binadamu aliumbwa na Mungu, na kwamba binadamu alitokana na viumbe waliomtangulia. Ukifika Kidato cha Nne, mwalimu wa Biolojia anakuja na mada ya mageuko, na orodha ile ile inarudi ikiwa ndefu zaidi. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake. Hakuna aliyemwambia kwa nini maelezo hayo yamewekwa pamoja, wala kama yanapimwa kwa mizani moja.

Nimeandika utangulizi huu nikimfikiria msomaji wa Kang'ata na vijiji vya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga: mwalimu aliyepewa kipindi asichokipenda, mzazi aliyeulizwa swali na mwanawe, sheikh au mchungaji anayetaka kujua watoto wanafundishwa nini hasa. Swali letu ni moja. Je, nadharia ya mageuko, pamoja na hoja inayoshindana nayo iitwayo usanifu wenye akili, zinastahili kufundishwa katika kipindi cha sayansi? Jibu langu sitalificha hadi mwisho. Mageuko yanastahili. Usanifu, kwa jinsi ulivyo leo, haujastahili. Sababu ya kusema hivyo imo ndani ya kabati la dawa la zahanati iliyo jirani nawe. Ila kabla ya kufika huko, tupite shambani kwanza.

Baada ya mavuno, mkulima hachukui hindi lolote kuwa mbegu. Anachambua. Anatafuta hindi lililojaa punje hadi kwenye ncha, lisiloguswa na dumuzi, la mmea uliostahimili ukame, kisha analifunga kwa maganda yake na kulitundika juu ya moshi wa jiko. Yaliyobaki yanakwenda mashineni. Katika kitendo hicho kuna mambo matatu, na ukiyashika umeshika msingi wa somo zima. Kwanza, mahindi ya shamba moja hayafanani. Kuna mafupi, marefu, mavumilivu na madhaifu. Pili, sehemu ya tofauti hizo hurithiwa, ndiyo maana mbegu ya hindi zuri inatunzwa. Tatu, si mimea yote inayopata nafasi ya kuacha watoto. Mingine huishia kuwa ugali. Kuchagua huko nani azae na nani asizae ndiko kunakoitwa uteuzi. Kwa njia hiyo, wakulima wa Meksiko walianza miaka ipatayo 9,000 iliyopita na nyasi ya porini yenye vipunje vichache vigumu, na hatimaye dunia ikapata hindi hili tunalolijua, lililofika pwani yetu baada ya Wareno.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1859, sura ya kwanza aliitoa kwa wakulima na wafugaji, hasa wafugaji wa njiwa. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: je, ikiwa hakuna mkulima? Ikiwa ukame wenyewe, ugonjwa, njaa na maadui ndio wanaoamua nani aache watoto? Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya wadudu na ndege katika visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, alifikia wazo hilo hilo peke yake, na maandishi ya wawili hao yalisomwa pamoja London mwaka 1858. Wazo hilo linaitwa uteuzi asilia, yaani uteuzi usiofanywa na mtu. Na mageuko, kwa maana ya kitaalamu, ni kubadilika kwa sifa za kurithiwa katika kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa, kwa hiyo tusimame kidogo. Kinachobadilika ni kundi. Mmea mmoja dhaifu wa mahindi haujifunzi kuvumilia jua, na mbu mmoja hajizoezi kuikubali dawa ya chandarua. Wadhaifu hupungua, wavumilivu huongezeka, na baada ya vizazi kadhaa ukilitazama kundi unaona sura tofauti. Ukilishika hili, nusu ya maswali yanayosumbua watu katika somo hili yataondoka yenyewe.

Sasa twende zahanati. Waliougua malaria miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake ulimini, na ile kuwasha mwili mzima iliyomfanya mgonjwa akeshe akijikuna. Ilikuwa dawa ya bei nafuu na kwa miaka mingi ilitibu vizuri. Ilitibuje? Malaria husababishwa na kimelea, maana yake kiumbe kidogo kinachoishi ndani ya kiumbe kingine na kumnyonya. Kimelea hiki huingia katika chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni mwilini. Mlo huo huacha mabaki yenye sumu, nacho kimelea hujiokoa kwa kuyagandisha kuwa fuwele zisizomdhuru mlaji. Klorokwini huzuia kugandishwa huko. Kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Kwenye ukuta wa kifuko ambamo mlo huo hufanyika, kuna protini wataalamu wanayoiita PfCRT, nayo hupitisha vitu kutoka ndani kwenda nje. Maelekezo ya kuitengeneza yamo ndani ya jeni, sehemu ya urithi inayoiambia chembe hai itengeneze nini. Kila kimelea kinapozaliana, maelekezo hayo hunakiliwa, na mara moja moja nakala hukosewa. Kosa hilo huitwa badiliko la jeni. Mengi hayana athari, baadhi huua. Lakini yapo yaliyoibadilisha PfCRT, hasa katika nafasi yake ya 76, ikawa inaweza kuitoa klorokwini nje ya kifuko kabla haijafanya kazi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kubeba vimelea trilioni moja. Akimeza klorokwini, wale wa kawaida hufa, na mwenye badiliko hubaki na uwanja mtupu. Mbu akija kunyonya, anachukua nani? Anamchukua huyo aliyebaki. Hali hiyo ndiyo tunayoiita usugu.

Usugu wa klorokwini ulionekana kwanza kusini-mashariki ya Asia na Amerika ya Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukafika Afrika Mashariki. Wanasayansi walipokuja kusoma jeni za vimelea sugu vya Afrika, walikuta vina alama za jirani zinazofanana na za vile vya Asia. Usugu huu ulikuwa na ukoo, na ukoo wake ulifuatilika. Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu katika jambo hili. Tangu miaka ya 1950, daktari David Clyde aliona huko Muheza vimelea vikiwa sugu dhidi ya dawa nyingine, pirimethamini, muda mfupi baada ya wanakijiji kuanza kupewa kama kinga. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka SP, dawa yenye pirimethamini hiyo hiyo ndani yake. Haikudumu. Utafiti uliofanyika Korogwe na kwingineko mkoani Tanga ulionyesha SP ikishindwa vibaya, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, yaani dawa mbili katika kidonge kimoja. Hata wazo la kuchanganya dawa mbili linatokana na hesabu ya mageuko: ni vigumu zaidi kwa kimelea kimoja kubahatika kupata mabadiliko mawili tofauti kwa mpigo kuliko kupata moja.

Nikuonyeshe kitu ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili. Nadharia ya kisayansi ni maelezo mapana yaliyofungwa kwa ushahidi, ambayo hutabiri jambo ambalo halijaonekana bado na kujiweka katika hatari ya kukosea. Sasa, PfCRT iliyobadilika hulipia gharama: haifanyi kazi yake ya kila siku vizuri kama ile ya kawaida. Ikiwa nadharia ni kweli, ukiondoa klorokwini, vimelea sugu havina faida tena, na vile vya zamani vitarudi. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, mapema kuliko majirani wote. Watafiti walipoijaribu tena kwa watoto wenye malaria huko Blantyre, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba dawa ile iliyokuwa imezikwa ilitibu kwa asilimia 99. Hakuna aliyeifanyia dawa chochote. Ni vimelea vilivyogeuka, vikarudi upande wa pili.

Utaniambia: sawa, lakini kimelea kimebaki kimelea. Swali zuri, na ni zamu yake sasa.

Panda Korogwe mjini utazame kaskazini. Bonde la Mto Lwengera linaigawa milima ya Usambara, Mashariki upande mmoja na Magharibi upande mwingine, na chini bondeni kuna joto na ukavu. Kinyonga wa msituni hawezi kulivuka. Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kinyonga wa pembe mbili wa milima hii na ya Nguru kuwa spishi moja, yaani kundi moja la viumbe wanaozaliana wao kwa wao. Mwaka 2008 uchunguzi wa maumbile na jeni uliwatenganisha: wa Nguru ni mmoja, wa Usambara Magharibi mwingine, na Usambara Mashariki ina wawili wake. Ni ndugu waziwazi, lakini kila mlima una wake. Ua la urujuani la Usambara, lililopata jina la kitaalamu mwaka 1893 na leo limejaa madirishani Ulaya, lina mtindo huo huo: milima tofauti, jamaa tofauti. Misitu iliyokuwa imeungana nyakati za mvua nyingi ilikatika nchi ilipokauka, kila kundi likabaki kisiwani kwake, na tofauti ndogondogo zikalimbikizana. Utaratibu ni ule ule wa shambani na zahanati. Kilichoongezwa ni muda.

Muda wenyewe umeandikwa kwenye miamba, ingawa si miamba ya Handeni. Ya kwetu imepikwa chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo, haina visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Inabidi usafiri. Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa mikono na mabega ya mamia ya vibarua wa Kiafrika. Laetoli kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Olduvai, mwaka 1959, Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, la miaka milioni 1.75.

Na hapa ndipo sauti hupanda: kwa hiyo babu yangu alikuwa nyani? Hapana. Nyani wa leo ni wa leo kama wewe. Nadharia inasema kwamba wewe na yeye, mkirudi nyuma sana, mnakutana kwa mzazi mmoja ambaye hakuwa nyani huyu wala binadamu huyu. Mabinamu hawazaani, wanashiriki babu. Nasema hivi bila kutaka kulainisha, kwani nadharia kweli inamweka binadamu ndani ya ukoo wa viumbe wengine, na msomaji mwenye imani ana haki ya kulihisi zito.

Tumefika sasa kwa wapinzani, na ningependa uwasikie vizuri. Usanifu wenye akili ni dai kwamba baadhi ya sehemu za viumbe hai zimepangwa kwa ustadi kiasi kwamba haziwezi kueleweka bila msanifu mwenye akili aliyezipanga. Mzizi wake ni wa kale. Mwaka 1802 padri William Paley wa Uingereza aliandika kwamba ukiokota saa njiani, huwezi kuamini imejitunga yenyewe. Katika zama zetu msemaji mashuhuri ni Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani. Mwaka 1996 alileta wazo la uchangamano usiopunguzika: mtambo ambao ukiutoa kipande kimoja unaacha kabisa kufanya kazi, kama mtego wa panya, hauwezi, kwa maoni yake, kujengwa hatua kwa hatua.

Mwaka 2007 Behe akaandika kitabu kingine, na mfano wake mkuu ndani yake ni upi? Klorokwini. Dawa ile ile ya zahanati zetu. Alichukua makadirio kwamba usugu wake huzuka mara moja tu katika vimelea vinavyohesabika kwa moja na sifuri 20, akasema ni kwa sababu mabadiliko zaidi ya moja yanahitajika kwa pamoja, na kwamba hapo ndipo ukingo wa uwezo wa mageuko ulipo. Hoja hii ina namba, na inastahili jibu lenye namba. Mwaka 2014 watafiti wa Canberra, Australia, walichapisha kazi yao ya kuipima PfCRT badiliko kwa badiliko. Waligundua kwamba kweli angalau mabadiliko mawili yanahitajika ili klorokwini ianze kusafirishwa, na Behe alilishangilia hilo. Lakini waligundua pia njia kadhaa za kufika hapo, ambazo mabadiliko yanaweza kulimbikizwa moja baada ya jingine. Si lazima yote yashuke siku moja.

Ona kilichotokea. Sehemu ya hoja ya Behe iliyoweza kupimwa ilipimwa, ikapata na kukosa, kama hoja yoyote ya sayansi. Sehemu iliyobaki, ile ya msanifu, haikuguswa na kipimo chochote, kwa kuwa haisemi msanifu atafanya nini kesho. Haikutabiri Malawi. Haimwambii mfamasia achanganye dawa zipi. Kutoka "jambo hili ni gumu" hadi "basi mwenye akili amelipanga" kuna kuruka ambako hakuna maabara inayoweza kukukagua. Na kuna jambo jingine ambalo wanadini wenyewe wanapaswa kulitafakari. Behe hakwepi maana ya hoja yake: katika kitabu hicho anakubali kwamba malaria ilisanifiwa kwa makusudi. Mzazi aliyewahi kubeba mtoto mwenye degedege usiku atajua mwenyewe la kufanya na hitimisho hilo.

Mahakama nayo iliwahi kulisikiliza suala hili. Huko Dover, jimboni Pennsylvania, bodi ya shule iliamuru mwaka 2004 wanafunzi wasomewe tamko la kuwaelekeza kwenye usanifu. Wazazi 11 walishtaki. Behe alitoa ushahidi upande wa bodi. Upande wa wazazi alisimama Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki mwenye kushika dini. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones III aliamua kwamba usanifu wenye akili si sayansi. Ushahidi mmoja ulikuwa mzito: katika rasimu za kitabu kilichopendekezwa shuleni, maneno ya uumbaji yalikuwa yamefutwa na kubadilishwa kuwa ya usanifu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia uumbaji kufundishwa kama sayansi mwaka 1987.

Mambo ya Marekani yana katiba yao na historia yao, na sioni haja ya kuyahamishia hapa yote. Sisi tuna mfano wa jirani. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo wa Nairobi aliongoza kampeni ya kutaka Makumbusho ya Taifa ya Kenya yasiyape nafasi ya mbele mabaki ya kale ya binadamu, yakiwemo ya yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa mifupa kamili zaidi ya aina yake duniani. Richard Leakey, mwana wa yule Mary wa Olduvai, alimjibu kwa ukali. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2008, kijana wa Turkana alikuwepo. Mimi nilisikitikia ukali wa pande zote mbili. Waumini waliambiwa wachague kati ya Mungu na mifupa, wakati Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ameshasema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaoyakubali mageuko ya wanyama huku wakimweka Adamu peke yake.

Shule zetu, kwa bahati nzuri, zina vyumba vya kutosha. Kipindi cha dini kimo katika ratiba, na Baraza la Mitihani lina mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na wa maarifa ya Biblia. Swali la nani aliumba na kwa nini lina mwalimu wake, na mwalimu huyo hahitaji ruhusa ya darubini. Historia inaweza kusimulia watu wameamini nini, wakiwemo Wazigua na Wasambaa wenyewe. Biolojia ibaki na maelezo yanayokubali kupimwa. Kosa la vitabu vyetu vya kiada, kwa maoni yangu, ni kuyapanga yote kama orodha ya kukariri, nadharia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambapo mwanafunzi hajui ipi imewahi kujaribiwa na ipi haiwezi kujaribiwa. Orodha hiyo inaidhulumu sayansi, na dini pia, kwa kuigeuza kuwa jibu la alama mbili.

Mwanafunzi akiuliza kuhusu usanifu darasani, mwalimu asimfokee wala asimcheke. Amweleze hoja ya Behe kwa ukamilifu, kisha amweleze Canberra na Malawi. Dakika 20 zinatosha.

Kazi yenyewe haijaisha. Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wa Tanzania wamekuta vimelea vyenye badiliko la jeni linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, nguzo ya dawa mseto. Watakaolifuatilia miaka 10 ijayo wako madarasani leo, na ningefurahi baadhi yao wakitoka Kang'ata. Kwa hiyo nakuomba jambo jepesi: nenda kwa muuguzi mzee zaidi unayemfahamu, muulize alikuwa akitoa dawa gani za malaria mwaka 1995, 2003 na 2010, na kwa nini zilibadilishwa. Andika majibu yake. Kisha fungua kitabu cha Biolojia cha Kidato cha Nne, uanze na sura ya jeni kabla ya ile ya mageuko, maana ya pili haisomeki bila ya kwanza.